Karoti Zilizokunja Nne

Jumanne ilikuwa siku ya picha. Chiriku alirudi kutoka shuleni, akavua sare na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akaanza kula akiwa amesimama.

"Kaa chini," Shangazi alimwambia huku akitafuta kiatu chake cha pili chini ya kochi. "Chakula hakijui kukimbia. Mimi nakwenda kikaoni. Wakulima wakija, wapokee vizuri."

Chiriku alikaa, akala, akaosha sahani yake na kunawa mikono kwa sabuni. Kisha akachukua simu ya Shangazi kutoka dirishani, akafuta kioo chake kwa pindo la gauni na kutoka barazani kuanza kazi.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Alianza kusema mapema kuliko watoto wote wa ukoo, akasema bila kituo, mpaka babu yake akatangaza kwamba hicho si kitoto, ni chiriku. Jina likaganda. Aliishi kwa shangazi yake kwa sababu nyumba ile ilikuwa karibu na shule. Shangazi alikuwa karani wa posta, na pia mratibu wa soko la Umoja wa Mtaa. Kuwa mratibu maana yake ni kwamba kila kilichoharibika kiliishia mlangoni kwake.

Soko lenyewe halikuwa na meza wala mwavuli. Lilikuwa ndani ya simu. Fundi kompyuta wa mtaa aliwatengenezea tovuti bila kudai malipo. Kila Jumanne, wakulima wa pembezoni mwa mji walileta sampuli za mazao yao barazani kwa Shangazi. Chiriku alizipiga picha, akaandika maneno machache chini ya kila picha na kuziweka mtandaoni. Watu waliagiza wakiwa kazini, kitandani au kwenye foleni. Oda zilifungwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi wakulima walileta mzigo ukumbini, watu wa kujitolea wakapima na kupanga, na kila mnunuzi akaja kuchukua kapu lake. Hakuna aliyelipwa mshahara. Dereva mmoja mstaafu alipima viazi, mshonaji alishona mifuko kwa mabaki ya vitambaa, na Chiriku, aliyekuwa darasa la sita tu, alikuwa mpiga picha. Kazi hiyo aliipenda kupita kiasi.

Siku hiyo alikuwa ameshapiga picha vitunguu na mchicha aliposikia sauti anayoifahamu.

"Hodi, hodi wenyewe! Anueni nguo, mvua inakuja!"

Alikuwa Mama Mawingu, mkulima mwenye kicheko kikubwa na mgongo ulioanza kupinda kwa jembe. Aliitwa hivyo kwa sababu kila alipofika alitazama juu na kutabiri mvua, na mvua, kwa ukaidi wake, ilinyesha siku zile ambazo hakuja.

"Mvua gani, Mama?" aliuliza binamu yake Chiriku, aliyekuwa akitengeneza baiskeli pembeni. Binamu huyo aliitwa Swali, na sababu haikuhitaji kuelezwa. "Mbona hakuna hata wingu?"

"Wewe utaloa," Mama Mawingu alimjibu.

"Shikamoo, Mama," alisema Chiriku.

"Marahaba, mjukuu wangu wa mtandaoni. Hujambo? Njoo uone nilichokuletea leo."

Alifungua mfuko. Chiriku akachungulia. Akachungulia tena.

Zilikuwa karoti, lakini hazikuwa kama karoti alizozizoea. Moja ilikuwa na miguu miwili. Nyingine ilikuwa na mitatu. Mbili zilikuwa zimejiviringisha pamoja kana kwamba ziliogopa kutenganishwa. Nyingine ilikuwa nene juu na kuishia kwenye kimkia kilichopinda kama ndoana.

"Tazama huyu," Mama Mawingu alisema, akiinua karoti moja kwa vidole viwili. "Amekunja nne kama bwana harusi anayesubiri soda!"

Swali aliangua kicheko. "Na hawa wawili?"

"Hao hawajagombana tangu wazaliwe. Mimi mwenyewe nilishindwa kuwaachanisha."

Chiriku naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi. "Zimekuwaje, Mama?"

"Ni lile shamba jipya. Si unajua mwenye lile la zamani alilichukua ajenge? Hili nililopata ni mawe matupu. Karoti ikishuka ikakutana na jiwe, itafanyaje? Inapita pembeni, kama mtu tu." Aliipangusa udongo ile iliyokunja nne na kuiweka mezani kwa uangalifu, kama anayelaza mtoto. "Zipige picha vizuri, mjukuu wangu. Hizi ndizo za kwanza kabisa kutoka shamba langu jipya."

Mama Mawingu alipoondoka, Chiriku alizipanga karoti kwenye ungo na kuanza kupiga picha. Alipiga kutoka juu. Alipiga kutoka ubavuni. Alizifunika miguu kwa majani yake, akapiga tena. Kila alipotazama kwenye kioo, aliona kitu kilichokanyagwa na gari.

Aliwawazia watu wakipitisha picha ile wao kwa wao na kucheka. Akamwazia Mama Mawingu Jumamosi, amekaa ukumbini na mzigo ambao hakuna aliyeutaka. Roho ilimuuma. Mama Mawingu ndiye aliyemletea ndimu kila alipougua mafua, na ndiye mtu mzima pekee aliyesikiliza hadithi zake zote mpaka mwisho.

Akafungua picha za zamani. Karoti za Mama Mawingu za msimu uliopita zilikuwapo bado, zimeoshwa, zimenyooka, zimepangwa kama wanafunzi mstarini. Akaichukua picha ile. Chini yake akaandika: *Karoti laini, tamu, zilizonyooka. Kutoka shamba la Mama Mawingu.*

Swali alikuwa amesimama nyuma yake. "Hizo si za msimu uliopita?"

"Ni za Mama Mawingu hizohizo."

"Lakini si hizi."

"Karoti ni karoti, Swali. Ukishaikata, miguu itaonekana wapi?"

"Kama haitaonekana, kwa nini unaificha?"

Chiriku aliigeuza simu upande wa pili. "Hebu maliza baiskeli yako," alisema, akabonyeza kitufe. Picha ikaenda.

Alhamisi jioni, Shangazi alikaa mezani na miwani yake puani akisoma oda. Ghafla alipiga meza mpaka vikombe vikaruka.

"Mama Mwiko! Mama Mwiko ameagiza!"

Hakukuwa na mtu asiyemjua Mama Mwiko. Ndiye aliyepika kwenye sherehe zote kubwa za mji. Umoja ulimwomba mara nyingi anunue kwao, naye alijibu kila mara kwamba yeye hanunui kitu asichoweza kukiminya.

"Ameagiza nini?" aliuliza Swali.

"Karoti! Makreti kwa makreti ya karoti za Mama Mawingu. Anasema ameona picha, hajawahi kuona karoti zilizonyooka namna ile. Anapikia mahafali ya chuo cha wauguzi Jumapili." Shangazi alikuwa ameshashika simu. "Ngoja nimpigie mwenyewe."

Vigelegele vya Mama Mawingu vilitoka kwenye simu na kujaa chumba kizima. Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi. Chiriku alicheka pia. Ila wakati wa kula, Swali alimtazama toka upande wa pili wa meza bila kuuliza lolote. Kwa Swali, hilo halikuwa jambo la kawaida.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa harufu ya udongo mbichi na vitunguu. Dereva mstaafu alikuwa kwenye mizani yake akipiga mbinja. Shangazi alikuwa lango la nyuma akipokea viazi. Mama Mawingu alifika na mkokoteni wake, amevaa kilemba chake kizuri, akapanga makreti yake karibu na mlango.

Mama Mwiko aliingia akiwa bado na aproni. Alikuwa mwanamke wa umbo na sauti, na alipozungumza alinyoosha kidole kana kwamba ameshika mwiko kweli. Alimwamkia kila mtu kwa furaha, akafunua kreti la kwanza. Akafunua la pili.

"Hii ni nini?"

"Karoti, dada," alisema Mama Mawingu akitabasamu.

"Karoti? Mimi nimeagiza karoti, nimeletewa ukoo wa pweza!"

Watu wachache walicheka. Mama Mwiko hakucheka.

"Kesho nina mahafali. Nikate mviringo, nikate vijiti, nipambe sinia. Hizi nitazikata nini? Nitazikata miguu? Mbona kwenye picha zimenyooka?"

"Picha gani, dada yangu?" Simu ya Mama Mawingu ilikuwa ya vitufe. Hakuwa ameiona tovuti ile hata mara moja.

Mama Mwiko alimpa simu yake. Mama Mawingu aliishika mbali kidogo na macho, akaitazama kwa muda. Alizitambua karoti zile za shamba lake la zamani. Taratibu akainua macho, akatazama ng'ambo ya ukumbi, mahali aliposimama Chiriku na kapu la vitunguu mikononi.

Macho yao yalikutana. Chiriku akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akainamia kapu lake la vitunguu.

Mama Mawingu akarudisha simu. "Karoti hizo ni zangu, lakini ni za msimu uliopita. Una haki ya kukasirika, dada. Nisamehe."

"Kumbe unajua! Unajua na ukaniuzia! Wewe ni mwongo!"

Mbinja ya dereva ilikatika.

Mama Mawingu alirudisha makreti yake kwenye mkokoteni, moja baada ya jingine, akaanza kuyafunga kwa kamba. Aliifunga. Akaifungua. Akaifunga tena, akaivuta, akailegeza. Kamba ile ilimchukua muda mrefu sana. Mwishowe aliinama, akashika mpini na kutoka nje bila kumtazama mtu. Karoti moja ilidondoka kizingitini, wala hakurudi kuiokota.

Chiriku alikimbilia nyuma ya ukumbi, penye bomba la maji. Swali akamfuata.

"Utasema?"

"Nikisema wataniondoa kwenye kazi ya picha. Watanichukia wote."

"Na usiposema, nani ameondolewa?"

Chiriku alifungua bomba, akajimwagia maji usoni. Kisha akaenda moja kwa moja lango la nyuma, kabla miguu haijabadili nia.

"Shangazi," alisema, "mwongo ni mimi."

Alieleza yote, safari hii bila kupamba. Shangazi alisikiliza, kisha akapindua ndoo na kuikalia. Alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa chafu.

"Na mimi nilipaswa kulinganisha picha na mzigo kabla oda hazijafunguliwa," alisema hatimaye. "Nilikuamini, nikasinzia. Hilo ni kosa langu, na nitalisema. Lako utalisema wewe."

"Si nimeshakwambia?"

"Umeniambia, na nimefurahi umeniambia. Lakini si mimi niliyeitwa mwongo mbele za watu. Neno lilitoka ukumbini, Chiriku. Litarudishwa ukumbini."

Wakaingia pamoja, mkono wa Shangazi begani mwa Chiriku. Watu walikuwa bado wanasubiri makapu yao, wakinong'ona. Mama Mwiko alikuwa kwenye simu, anamwomba mtu fulani karoti kwa sauti ya kukata tamaa.

"Samahani," alisema Chiriku. Hakuna aliyesikia. Akajaza kifua pumzi. "Samahani! Mama Mawingu hakumdanganya mtu. Yeye aliniletea karoti zilezile mlizoziona, akaniambia nizipige picha. Mimi niliweka picha ya zamani. Niliandika zimenyooka na nilijua hazijanyooka. Niliogopa mtazicheka."

Mama Mwiko aliteremsha simu sikioni. "Wewe? Wewe mdogo hivi?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Na yeye aliponiomba radhi pale, alikuwa anajua ni wewe?"

"Alijua."

"Na mimi," Shangazi alisema, "nilipaswa kukagua na sikukagua. Umoja unakuomba radhi."

Mama Mwiko alikaa juu ya gunia la viazi bila kuuliza ni la nani. Alikuwa ameivaa hasira yake kama koti. Sasa ilionekana koti lile limemzidi ukubwa. "Mimi nimemwita mtu mzima mwenzangu mwongo," alisema polepole. "Mbele ya kadamnasi."

Swali alikuwa ameiokota ile karoti iliyodondoka na kwenda kuiosha bombani. Akampelekea. Mama Mwiko aliitazama miguu yake miwili, akatikisa kichwa, akaing'ata mguu mmoja. Akatafuna. Akang'ata mwingine.

"Lo! Ni tamu hii."

"Sasa kwa nini usizichukue?" Swali aliuliza.

"Mwanangu, utamu haujimenyi! Zina pembe, zina mikunjo, udongo umejificha kila mahali. Wapishi wangu hawatamaliza."

"Mikono ndiyo kitu pekee ambacho Umoja haujawahi kukosa," Shangazi alisema, akaligeukia kundi. "Nani yuko huru mchana huu?"

Dereva mstaafu aliinua mkono. Mshonaji akainua. Mkono wa Chiriku ulikuwa juu kabla Shangazi hajamaliza kuuliza, japo mchana ule timu yao ya rede ilikuwa na mechi aliyoingojea muhula mzima.

"Basi mwambieni Mama Mawingu nazitaka zote," alisema Mama Mwiko. "Na mwambieni... hapana. Hilo nitamwambia mwenyewe."

Shamba jipya la Mama Mawingu lilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, nyuma ya kiwanda cha matofali. Chiriku hakuwa amefika huko kabla. Kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa mboga, ni ukuta: ukuta wa mawe yaliyorundikwa, mengine makubwa kama mito ya kulalia, uliozunguka shamba karibu lote. Ndani yake Mama Mawingu alikuwa ameinama na mtaimbo, aking'oa jiwe jingine. Alikuwa amevua kilemba chake kizuri na kukitundika juu ya mti wa ua.

Shangazi na Swali walibaki langoni. Chiriku akaingia peke yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Neno lilikuwa moja tu. Hakukuwa na mjukuu, hakukuwa na mtandao.

"Nimewaambia watu wote ukumbini kwamba ni mimi. Nisamehe, Mama. Nilidhani nakusaidia."

Mama Mawingu alisimamisha mtaimbo na kuuegemea. "Unaona huo ukuta? Kila jiwe lililopo hapo lilikuwa chini ya ardhi hii. Nimeyatoa kwa mikono yangu, na bado yapo. Karoti zile zilipita katikati ya mawe, zikafanya zilivyoweza. Nilizileta kwako mbio, nikijivuna kama nimejifungua. Wewe ukazionea haya."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Kuitwa mwongo kunauma, lakini kutapoa. Ila nilipoiona ile picha, nilisema moyoni: kumbe huyu mtoto ameona bora watu wazione karoti zangu za zamani, hizi za jasho langu zifichwe."

Machozi yalimtoka Chiriku, akayaacha yashuke. "Kwa nini hukunitaja, Mama?"

"Nikutaje? Mtu mzima hamsukumi mtoto mbele ili ajikinge nyuma yake." Akapangusa jasho. "Lakini nilikungoja. Kamba ile mimi huifunga kwa kufumba na kufumbua. Niliifunga, nikaifungua, nikaifunga tena, nikisema, labda sasa atasema. Labda sasa."

Chiriku alilia kwa kwikwi. Mama Mawingu aliuangusha mtaimbo, akamvuta na kumkumbatia, mikono yake yenye udongo ikaacha alama mgongoni mwa gauni.

"Umechelewa, lakini umefika. Basi, mjukuu wangu. Inatosha, utanifurikishia shamba."

Shangazi alipomweleza kwamba Mama Mwiko anazitaka karoti zote, Mama Mawingu alipangusa mikono, akatazama juu. "Twendeni haraka basi. Mvua hiyo."

Swali alifungua mdomo kuuliza mvua gani, Shangazi akamkanyaga mguu.

Jiko la Mama Mwiko lilikuwa kubwa kama darasa, na sufuria zake zingeweza kuogeshea watoto. Mwenyewe aliwapokea mlangoni. Aliwaita wapishi wake wote waache kazi, waje wasikie.

"Mama Mawingu, nilikuita mwongo mbele za watu. Nakwambia tena mbele za watu: nilikosa. Nilipayuka kabla ya kuuliza. Nisamehe, dada."

"Yamekwisha," alisema Mama Mawingu. "Visu viko wapi?"

Wakaketi duara, wapishi na watu wa mtaa, makreti katikati. Kumenya karoti zile kulikuwa kazi kwelikweli. Kisu kilipita vizuri kwenye paja la karoti, kikakwama kwenye goti. Chiriku alimenya yake ya kwanza mpaka ikabaki nyembamba kama penseli.

"Usipigane nayo," Mama Mwiko alimwonyesha. "Ivunje pale inapopinda, kisha menya kipande kimoja kimoja. Hivi. Umeona?"

Vidole vya Chiriku viligeuka rangi ya machungwa, kisha vikaanza kuuma. Kutoka uwanjani, kelele za mechi ya rede ziliingia dirishani. Aliinama akaendelea. Mama Mawingu na Mama Mwiko walikuwa wamekaa bega kwa bega, wakibishana ni nani kati yao aliyeanza kufanya kazi akiwa mdogo zaidi, na kila mmoja alidai ni yeye.

"Na huyu naye amenywe?" aliuliza Swali, akiinua ile karoti iliyokunja nne, sampuli ya Jumanne aliyokuja nayo kutoka barazani.

Mama Mwiko aliitazama kwa makini. "Huyo mweke rafuni. Huyo ni mgeni rasmi."

Ukumbi wa mahafali, siku ya pili yake, ulipata supu ya karoti, karoti za vipande kwenye wali na karoti za kukwaruza kwenye kachumbari. Sinia hazikupambwa kwa mviringo. Wageni walikula, wakarudia, na hakuna aliyeuliza kama karoti zile ziliwahi kuwa na miguu.

Jumanne iliyofuata Chiriku alitoka shuleni akitembea polepole, akiwa na hakika kwamba simu amepewa mtu mwingine. Aliikuta dirishani palepale. Shangazi alikuwa ameomba ruhusa kazini, naye Mama Mawingu alikuwa ameshafika na mfuko wake.

"Safari hii mimi nitakaa hapa nilinganishe picha na mzigo," alisema Shangazi. "Nilipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo. Haya, mpiga picha, kazi."

Chiriku alizipanga karoti juani bila kufunika chochote. Zile zilizokumbatiana aliziweka katikati. Kisha akakaa na Mama Mawingu kuandika maneno, wakicheka na kufuta, mpaka yakatoka hivi: *Karoti za Mama Mawingu kutoka shamba jipya lenye mawe. Zimepinda, zina miguu, na kuzimenya kunataka subira. Ni tamu. Nzuri kwa supu, juisi na kuchekesha watoto.*

Oda hazikuwa nyingi kama za ile picha ya uongo. Zilikuwa za kutosha. Mama Mwiko aliagiza za supu. Mama mmoja mwenye mapacha aliomba awekewe zilizokumbatiana. Jumamosi kila aliyekuja alifunua kapu lake na kukuta alichokitarajia, na Mama Mawingu alirudi nyumbani na mkokoteni mtupu, akiusukuma kwa mkono mmoja.

Jioni hiyo, walipokuwa wakifagia maganda ya vitunguu ukumbini, Shangazi alisimamisha ufagio wake.

"Chiriku, unajua kwa nini kosa lile lilikuwa kubwa? Mtu akienda sokoni, anashika nyanya, anaiminya, anainusa. Akikosea, amekosea kwa macho yake. Mnunuzi wetu yuko kazini kwake, hajaona kitu. Ameazima macho yako. Ukimwonyesha kisichokuwapo, umempofusha. Na kuna jambo jingine. Wewe ulisema uongo kwa sababu unampenda Mama Mawingu. Najua. Lakini uongo wa mapenzi ni uongo vilevile, na aliyebeba mzigo wake alikuwa yeye unayempenda. Ukimpenda mtu, simama na ukweli wake, hata kama umepinda."

"Nimesikia, Shangazi," alisema Chiriku, akaendelea kufagia.

Siku ya picha ilipofika tena, mzee mmoja mkulima wa maparachichi, ambaye alikuwa mgeni katika Umoja, alikuja barazani kwa mara ya kwanza. Alitoa parachichi kubwa la kijani, akaliweka mezani, akalizungusha kidogo kwa ncha ya kidole mpaka doa jeusi lililokuwa ubavuni likaelekea ukutani.

Chiriku aliinua simu, kisha akaishusha.

"Shikamoo, Babu. Samahani, naomba uligeuze."

"Marahaba, mwanangu. Lakini upande huu ndio mzuri."

"Nimeuona, Babu, ni mzuri sana," alisema Chiriku. "Nitapiga pande zote mbili."